Sindano Namba Kumi na Sita

Mtu asije akamsema fundi vibaya kabla ya kusikia habari yote. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na yeye kama walivyo wengi, akiwa na nia njema ndipo anapokuwa wa hatari.

Jiko la mama mkwe lilitangulia kufika, siku moja kabla ya mwenyewe, limefungwa kamba juu ya gari la kubebea mchanga. Lilikuwa jiko la gesi la midomo minne, lenye oveni chini, rangi ya maziwa. Wabebaji wawili waliliingiza ndani wakilalamika kuanzia mlangoni mpaka jikoni, wakalipwa, wakaondoka bado wanalalamika. Fundi akabaki nalo, mikono kiunoni. Alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, na mchana ule hakuwa na mteja. Mkewe, muuguzi, alikuwa zamu. Binti yao, ambaye kila mtu alimwita Kijino kwa ajili ya pengo lake la mbele, alikuwa shule. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Alitaka mama mkwe aingie alikute jiko lake linang'aa. Yule mama alikuwa amekubali kuhamia kwao shingo upande, baada ya kuteleza bafuni kwake na kulala sakafuni mpaka jirani alipopita kuazima ngazi. Binti yake alimbembeleza, akalia, akabembeleza tena. Mwishowe mama akatoa sharti moja tu: haji bila jiko lake. "Vitanda mnavyo, viti mnavyo," alisema kwenye simu. "Lakini mimi siji kukaa kwa watu nikapikiwa kama mgonjwa."

Basi fundi akaanza. Akasugua vyuma vya juu, akasugua swichi, akaondoa mafuta ya miaka kwa kisu butu na maji ya moto. Mpaka hapo alistahili pongezi. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini alipoinua vifuniko vya midomo akaona, chini kabisa, kipande kidogo cha shaba chenye kitundu katikati, kile ambacho gesi hupitia. Watu wa kazi hiyo hukiita nozeli. Fundi hakujua kinaitwaje. Aliona kitundu, akaona kitundu kina uchafu, na kwa mtu aliyekula ugali wake kwa cherehani tangu ujana, kitundu dawa yake ni sindano. Akavifungua vipande vitatu kwa spana yake ndogo ya cherehani, akachomoa kolani mwake sindano namba kumi na sita, ya kushonea jinzi, ngumu haswa, akachokoa. Alichokoa kwa moyo wote. Akakiinua kipande dirishani, akaona mwanga unapita vizuri kuliko mwanzo, akafurahi. Kisha akachukua msasa laini akaing'arisha ile shaba, na vialama fulani vilivyokuwa ubavuni, ambavyo alidhani ni kutu, vikafutika vyote.

Kwenye kipande cha tatu sindano ikakatika ncha. Ncha ikarukia mahali, akaitafuta kidogo, asiione. Mara mteja akabisha hodi na suruali mkononi. Fundi akarudisha vipande vile mahali pake, au tuseme mahali palipomjia, akafunika, akapangusa, akaenda kupima kiuno cha mtu. Mdomo wa nne, ule mdogo wa nyuma, haukuguswa. Ulikuwa na bahati yake.

Mama mkwe alifika kesho yake jioni na sanduku la kahawia na mkoba. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuangalia sufuria tatu kwa wakati mmoja. Akasimama mbele ya jiko lake muda mrefu.

"Nani kalisafisha hivi?"

"Ni mimi, mama," fundi akasema.

"Asante, mkwe wangu. Una mkono mwema. Mungu akuzidishie."

Fundi akajiona mrefu. Hakuwa na mama tena, wake alifariki zamani, na neno zuri kutoka kwa mwanamke wa umri ule lilimwingia mpaka ndani. Mama akabandika birika, akawasha. Moto ukatoka wa njano, mrefu, unayumbayumba huku na huku. Akazima, akawasha mdomo wa pili. Njano. Wa tatu, njano. Akainua birika akachungulia chini yake, na tako lake, lililokuwa jeupe dakika chache zilizopita, lilikuwa jeusi tii. Kijino akapitisha kidole, akajichora masharubu.

"Labda limechoka na safari," mama mkwe akasema kwa upole, akahamishia birika kwenye ule mdomo mdogo wa nyuma. Huo ukawaka bluu, umetulia.

"Itakuwa gesi, mama," fundi akasema haraka. "Gesi ya siku hizi wanaichanganya na vitu."

Je, alijua? Alijua nusu. Akajifanya hamnazo. Ile nusu nyingine ya kujua ilimjia usiku, kitandani, naye akaigeuzia mgongo akalala.

*

Muuza gesi alikuja siku mbili baadaye na mtungi mwingine begani, uso umemkunjika. Fundi alikuwa amekwenda dukani kwake asubuhi, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza gesi mbovu. Sasa mtu wa watu alitaka kusafisha jina lake, na alikuja na mashahidi wawili, mmoja wao mwenye mswaki bado mdomoni.

Wakafunga mtungi mpya. Muuza gesi akawasha mdomo wa kwanza. Njano. Akawasha ule mdogo wa nyuma. Bluu.

"Bwana fundi," akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "gesi imetoka mtungi mmoja, imepita mpira mmoja, imeingia jiko moja. Huku bluu, huku njano. Sasa gesi yangu mimi ina ubaguzi?"

Shahidi mwenye mswaki akacheka povu likamtoka. Fundi akasema labda ni hali ya hewa. Akasema labda ni jiko lenyewe, ni la zamani, mtu usilitegemee sana. Alipogeuka akamwona mama mkwe mlangoni, amesimama na kikapu chake cha vitunguu. Alimwangalia fundi, akangoja kidogo, na alipoona hakuna kinachokuja akaingia ndani kumenya.

"Pole kwa usumbufu, baba," alimwambia muuza gesi. "Karibu maji."

*

Kuanzia siku hiyo nyumba ilipikia mdomo mmoja. Chai ikishuka ndio maharage yanapanda. Maharage yakishuka watu washaanza kupiga miayo. Mama mkwe hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. Alizoea mama anayefoka. Alikuzwa kwa kufokewa, akasoma kwa kufokewa, siku ya harusi yake alifokewa kwa ajili ya viatu. Sasa mama huyohuyo alisema asante kwa kila kitu. Asante kwa maji, asante kwa taulo, asante kwa kupishwa mlangoni. Aliomba ruhusa kufungua friji. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Na kila jioni alitoka uani na sufuria zilizoingia masizi siku zile mbili za kwanza, akazisugua, ingawa zilikwisha takata.

Katikati ya wiki, muuguzi alitoka zamu mapema akamsikia mama yake chumbani akiongea na simu. Alikuwa anaongea na mwanawe wa kwanza, ambaye ukoo mzima ulimwita Mhasibu, hata wale ambao hawakujua anahesabu nini.

"Njoo Jumapili, baba, unichukue. Hapana, hawajanikosea. Ni watu wazuri sana. Wazuri mno." Akasikiliza. "Jiko? Liache. Huko kwako si mnapikiwa? Basi na mimi nitapikiwa."

Usiku ule muuguzi alikaa kitandani bila kuvua sare.

"Baba Kijino, mama anaondoka."

Fundi akakaa wima.

"Anakwenda kwa kaka. Wewe unaijua nyumba ya kaka. Ataketishwa kwenye kiti kizuri, atawekewa televisheni, na jikoni hatagusa hata kijiko. Atakufa kwa upweke yule na watu wamemzunguka." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nimekosa nini mimi? Niambie, maana mimi sioni. Hata kunifoka hanifoki."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Lakini mwanamume aliyemsingizia muuza gesi mbele ya mashahidi harudi nyuma kirahisi. Akasema, "Hujakosa kitu, Mama Kijino. Ni jiko tu. Nikipata kifaa chake nikalitengeneza, mama hatakwenda popote."

"Kifaa gani?"

"Kifaa," fundi akasema, akazima taa.

*

Akavifungua vile vipande vitatu, akavitia katika kimfuko cha futi yake ya kupimia, akaingia mjini. Duka la kwanza lilikuwa na vioo, na majiko mapya yamepangwa yanameremeta. Kijana mwenye tai akavipokea kwa ncha za vidole.

"Jiko la aina gani, mzee?"

"La rangi ya maziwa."

"Namaanisha modeli."

"Modeli yake ni kubwa kidogo. Lina oveni."

Kijana akavuta pumzi. "Mzee, kwa maelezo yako jiko hilo lilikoma kutengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Hilo mpe mtu wa vyuma chakavu. Hapa tunakupa jipya, unalipa kidogokidogo." Akamsindikiza hadi kwenye jiko jeusi lenye kioo, akamfungulia mlango wa oveni kama mlango wa gari. Fundi akaangalia bei, akaufunga mlango mwenyewe, polepole, asije akaambiwa ameuvunja.

Duka la pili walimwambia hizo ni za taa. La tatu walikuwa na nozeli, lakini za majiko ya mahoteli, ukitia moja nyumbani unaunguza dari. Fundi mchomeleaji mmoja alijitolea kuviziba na kuvitoboa upya kwa msumari, na fundi wetu, ambaye sasa alianza kupata akili, akamshukuru akaondoka mbio.

Siku ya tatu ya kuzunguka, Ijumaa, viatu vimeanza kumlalamikia, akafika kichochoro cha vifaa vilivyotumika. Kulikuwa na kibanda kimejaa swichi za majiko, mipira ya gesi, vichwa vya mitungi, milango ya oveni isiyo na oveni. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, anakula karanga. Watu wote pale walimwita Mama Spea. Akakiinua kipande kimoja kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Nani kaingiza chuma humu?"

Fundi akajibu, "Kuna fundi mmoja alikuja kusafisha."

"Fundi wa majiko?"

"Anajiita fundi."

"Huyo si fundi, huyo ni balaa lenye mikono." Wateja wawili waliokuwa benchini wakageuka kusikiliza vizuri. "Kitundu hiki kimetobolewa kwa mashine, kipimo chake ni cha unywele. Ukikipanua hata kidogo, gesi inatoka nyingi kuliko hewa, moto unakuwa njano, unatoa masizi. Na masizi ni afadhali. Siku mkifunga madirisha mnaamka vichwa vinawagonga, kama mnaamka. Hivi husafishwa kwa mswaki wa meno na maji ya sabuni, basi. Hakuna chuma." Akakigeuza. "Na namba iko wapi? Ubavuni hapa huwa na namba. Usiniambie kapiga msasa."

"Kapiga."

"Mna undugu naye?"

"Kidogo."

"Poleni sana nyumbani."

"Asante," fundi akasema, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anatikisa kichwa, naye akatikisa. "Kusema kweli hata mimi nilimshangaa."

Mama Spea akavuta droo iliyojaa nozeli kama punje za mahindi. "Zipo. Za jiko lile la zamani ninazo. Lakini bila namba sikuuzii kwa kubahatisha, gesi haitaki mchezo. Niletee mwenye jiko. Aliyelipikia anaujua moto wake, na mimi hapa nina jiko la kujaribia. Mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai sana," fundi akasema, akaona njia zote zimefungwa.

*

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anasugua sufuria. Jua lilikuwa limepoa. Kijino alikuwa ndani anasoma kwa sauti kitabu cha shule, akiruka maneno magumu. Fundi akavuta ndoo akaigeuza akaikalia, akachukua sufuria nyingine na kipande cha waya wa kusugulia, akaanza kusugua na yeye.

"Acha, mkwe wangu, utachafuka."

"Mama."

"Naam."

Akasugua. Akasugua tena palepale. "Jiko nililiharibu mimi."

Mama hakuinua macho.

"Nilitia sindano. Namba kumi na sita. Nilitaka ulikute safi, mama, wallahi sikuwa na nia nyingine. Halafu nikaona aibu. Halafu nikamsingizia yule wa gesi, halafu ikawa siwezi tena kurudi." Akaigeuza sufuria. "Mke wangu analia usiku akidhani amekukosea yeye. Hakukukosea. Ni mimi."

Mama mkwe akaweka sufuria chini. Akajipangusa mikono, akafungua mkoba wake, akatoa kiberiti kisichokuwa na njiti. Akakisukuma. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na ncha ya sindano.

"Niliikuta chini ya mdomo wa tatu," akasema. "Usiku uleule niliofika."

Fundi akaangalia ile ncha, akaangalia uso wa mama. "Sasa mama, mbona hukusema?"

"Niseme kama nani? Nyumba si yangu. Mgeni hasemi, mgeni anasema asante." Akakifunga kiberiti. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Siku ile kijana wa watu anadhalilishwa kwa gesi yake nikasema, leo atasema. Nikasimama pale mlangoni na vitunguu vyangu makusudi. Hukusema. Nikarudi ndani nikajiambia, basi, hapa nitafichwa mambo, nitachekewa, nitapewa taulo jipya, mpaka siku ya kufa. Afadhali nikawe mgeni kwa mwanangu, kule angalau viti ni laini."

"Nisamehe, mama."

Ndani, Kijino alikuwa amekwama kwenye neno refu. Kisha mama mkwe akavuta pumzi ndefu, akajiweka sawa kwenye kigoda, akaweka mkono mmoja kiunoni.

"Wewe mtoto," akasema, "hivi una akili timamu?"

Fundi akainua kichwa.

"Sindano. Kwenye gesi. Ndani ya nyumba anamolala mwanangu na mjukuu wangu. Kwani mimi nilikuletea jiko au nilikuletea koti? Umeona tundu, ukaona lazima udunge. Na msasa juu. Mtu mzima, ndevu hizo, unapiga msasa kitu usichokijua jina. Na hizo ndevu zenyewe mbona hazina mpango? Mwanangu anatoka hospitali amechoka anakuta mtu kama kichaka. Na lile bomba la bafuni linavuja tangu nimefika, tone, tone, tone, usiku kucha, nimenyamaza, nikasema haya, nyumba ya watu. Lini unaliziba? Umekaa hapo unaniangalia nini, sugua hiyo sufuria, hujafika kwenye mkono."

Muuguzi alikuwa ameingia getini akiwa na mfuko wa mkate. Akasikia sauti ile, ile ya utotoni mwake, ikipanda na kushuka uani. Akajua yametimia: wamegombana, mama anaondoka usiku huuhuu. Akachungulia pembeni ya ukuta. Mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo, kichwa amekiinamisha, anasugua kwa bidii, na machozi yakimtoka alikuwa anatabasamu.

"Na kesho asubuhi," mama akamalizia, "kabla ya duka lolote, unakwenda kumwomba radhi yule wa gesi. Mbele ya wateja wake. Yule mwenye mswaki naye awepo."

"Naam, mama."

*

Muuza gesi alipokea radhi kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda. Alimtaka fundi arudie mara ya pili kwa sababu mteja mmoja alikuwa nje, na fundi akarudia. Kisha wakaenda kichochoroni, mama mbele, fundi nyuma amebeba mkoba.

Mama Spea akamtazama mama mkwe juu hadi chini, akapenda alichokiona. "Wewe ndiye mwenye jiko? Pole na yule fundi wenu."

"Fundi yupi? Fundi si huyu hapa."

Mama Spea akashusha miwani polepole. Benchi zima likageuka.

"Wewe si uliniambia ulimshangaa?"

"Nilimshangaa," fundi akasema.

Walicheka mpaka mmoja wa wale wa benchini akalazimika kutoka nje. Mama Spea alijifuta macho kwa pindo la gauni, akamwaga nozeli chache mezani, akafunga moja kwenye jiko lake la kujaribia, akawasha. Mama mkwe akainama, mikono magotini.

"Huu wa kushtua. Unaunguza maziwa. Toa." Nyingine. "Huu mgonjwa, hautachemsha kitu." Nyingine. Moto ukatoka bluu, mfupi, umesimama. Uso wa mama ukafunguka kama amekutana na mtu wa kwao. "Ndio huu. Huu wa maharage, wa mbele kushoto. Nitafutie na mwenzake, ile midomo miwili ni pacha." Ule mkubwa wa kukaangia ulipatikana baada ya majaribio mengine, huku Mama Spea na mama mkwe wakielezana ni wanaume wangapi wamewahi kuharibu vitu gani katika maisha yao. Orodha ilikuwa ndefu, na fundi aliisikiliza yote akiwa amesimama. Mwisho akalipa, akaongezewa nozeli moja ya akiba na mswaki wa meno, bure, kwa heshima yake.

Nyumbani akafunga mwenyewe, mama amesimama nyuma yake. Akawasha, na ule mdomo wa maharage ukanguruma.

"Zima. Umebadilisha. Mkubwa ni wa kulia. Kulia kwako ni wapi, wewe? Mkono unaoshikia mkasi."

Akabadilisha. Mama akapiga povu la sabuni kwenye bakuli, akalipaka kwa sifongo kwenye kila kiungo cha mpira na mtungi, akasubiri kuona kama kuna kiputo. Hapakuwa na kiputo. Akamwonyesha fundi, akamlazimisha apake na yeye, aone kwa macho yake. Ndipo wakawasha mmoja mmoja, na midomo yote minne ikasimama bluu. Kijino akapiga makofi. Muuguzi aliweka mkono begani kwa mama yake, akauacha hapo.

Lakini jioni ile, kwenye korido, sanduku la kahawia lilisimama karibu na mlango, limefungwa mikanda.

"Umemuuliza?" muuguzi akanong'ona.

"Muulize wewe, ni mama yako."

"Wewe ndiye unayefokewa siku hizi. Muulize."

Hakuna aliyethubutu. Fundi alilala macho yakiwa wazi, akisikiliza bomba la bafuni, ambalo halikuwa linavuja tena, maana alikuwa ameliziba kabla ya kulala.

*

Mhasibu aliwasili Jumapili mchana, gari limeoshwa, viatu vimeoshwa. Alipoingia alisimama akanusa. Jikoni sufuria tatu zilikuwa zinachemka pamoja, na oveni imewashwa chini yake. Fundi alikuwa anakatakata vitunguu, amenyoa ndevu, na mama alikuwa anamwambia kwamba vitunguu si kitambaa, havihitaji kupimwa.

"Shikamoo, mama. Mbona hujajiandaa?"

"Marahaba. Nijiandae na nini? Kaa ule."

Mhasibu akamwangalia dada yake, dada akaangalia sakafu. Akaona sanduku koridoni, akajisemea kwamba wazee ndivyo walivyo, hawapendi kuharakishwa, akaliinua alipeleke garini. Muuguzi akafumba macho. Fundi akasimama kisu mkononi, na hakuweza kusema kama ni vitunguu au ni nini kilichokuwa kinamchoma macho.

"Wewe," mama akaita bila kugeuka, anakoroga. "Unapeleka wapi mapazia yangu?"

"Mapazia?"

"Sanduku lina mapazia. Nimelitoa nilipeleke kwa fundi, jana walinipeleka mjini nikachoka nikaliacha hapo. Dirisha la chumba changu fupi, yale ya kwangu yanaburuza chini. Nimeshapima kwa mkono, yakatwe shubiri mbili na nusu." Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi, akafunika. Ndipo akamgeukia mkwewe. "Na wewe mtoto unasimama na kisu unangoja nini? Sanduku hilo hapo, cherehani hiyo hapo. Ni kitambaa chepesi, ukishone kwa sindano nyembamba. Ile kumi na sita hutaiona tena, nimeificha."

Mhasibu akaliweka sanduku chini. Fundi akanawa mikono, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye cherehani, na mama akamfuata akimkosoa jinsi anavyolibeba.